Percy Sillitoe: Bwana Shauri Aliyekuja Kuwa Mkuu wa Wapelelezi

Katika orodha ya Waingereza walioitawala nchi hii mara baada ya Wajeremani kuondoshwa limo jina la kijana mmoja ambaye kwao alipata sifa kubwa baadaye, nasi huku tulimsahau kabisa. Jina lake ni Percy Joseph Sillitoe. Alikuwa askari polisi, kisha Bwana Shauri katika Tanganyika, kisha Mkuu wa Polisi wa miji mikubwa ya Uingereza, kisha mkuu wa idara ya siri ya usalama wa ndani wa nchi hiyo, na mwishowe akaajiriwa na matajiri wa almasi ili awasake wezi wa mawe hayo katika Afrika. Maisha yake yafaa yasomwe na mfanyakazi wa Mwadui au wa Geita, na hata na mwanachama wa kawaida aliye na kadi yake mfukoni, kwa kuwa yanagusa jambo lililo karibu sana na kila mtu: ni nani mwenye haki ya kuingia nyumbani mwa mwenzake bila kupiga hodi, na ni nani aliyempa haki hiyo.

Sillitoe alizaliwa London tarehe 22 Mei, 1888. Alipokuwa mtoto alisoma katika shule ya waimbaji wa Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Sisi tuliolelewa katika shule za misioni twaijua nidhamu ya kwaya: kusimama wima, kutazama mkono wa mwalimu, na kutopandisha sauti kabla ya wakati wake. Yaelekea nidhamu hiyo ilimkaa, ingawa hakuendelea na masomo makubwa. Mwaka 1908, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alipanda meli akaenda kujiunga na polisi wa Waingereza kusini mwa Afrika, na mwaka 1911 akapewa cheo cha uofisa katika polisi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, polisi hao waligeuzwa kuwa askari wa vita. Walivuka mpaka wakaingia nchi ya Wajeremani, nayo ndiyo nchi yetu. Sillitoe alikuwa miongoni mwao, na toka mwaka 1916 mpaka 1920 alifanya kazi ya Bwana Shauri katika Tanganyika.

Vijana wa siku hizi hawajui Bwana Shauri alikuwa mtu wa namna gani. Mtu huyo mmoja ndiye aliyehesabu nyumba na kutoza kodi, ndiye aliyeamuru askari, ndiye aliyesikiliza mashauri na kutoa hukumu. Aliyetaka nyumba ya fulani ipekuliwe ndiye pia ambaye fulani huyo angemwendea kulalamika kwamba nyumba yake imepekuliwa. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kusimama kati yao. Hatusemi kwamba Sillitoe alikuwa mbaya kuliko wenzake. Hivyo ndivyo utawala wenyewe ulivyojengwa, na kijana wa miaka chini ya 30 aliyepewa uwezo wote huo asingeweza kujifunza kwa urahisi kwamba uwezo una mipaka.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Mwaka uleule alioacha kazi hiyo ya Tanganyika, yaani 1920, mfalme wao alitoa amri ya kuiendesha Tanganyika kwa sheria. Amri hiyo ilisema kwamba sheria za mapokeo za Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai, 1920, zitatumika katika nchi hii. Basi pamoja na kodi na viboko, Mwingereza alituletea, pengine bila kukusudia, hukumu moja ya zamani ambayo wapelelezi wake wenyewe hawakuipenda.

Hukumu hiyo yatoka katika shauri la John Entick, mwandishi aliyeandika makala ya kuipinga Serikali. Tarehe 11 Novemba, 1762, wajumbe wanne wa mfalme, mmoja wao akiitwa Nathan Carrington, waliingia nyumbani mwake London wakiwa na hati ya Waziri, Lord Halifax. Walikaa humo saa nne, wakavunja makufuli ya milango na masanduku, wakasoma barua zake, wakaondoka na mzigo wa karatasi. Entick hakunyamaza, akawashitaki. Mwaka 1765 Jaji Mkuu wa mahakama ile, Charles Pratt, aliyejulikana kwa jina la Lord Camden, aliwauliza wajumbe wale waonyeshe katika kitabu gani cha sheria imeandikwa kwamba Waziri aweza kutoa hati ya namna ile. Hawakuweza. Walijitetea kwamba mambo ya dola yana haja zake, na kwamba mawaziri wamekuwa wakitoa hati hizo kwa miaka mingi bila kupingwa. Jaji akakataa hoja zote mbili. Kwake yeye, vitabu vya sheria visipoutaja uwezo fulani basi uwezo huo haupo, na atumaye uwezo usiokuwepo ni mvamizi kama mvamizi mwingine yeyote, hata akiwa na barua ya Waziri mkononi. Entick akalipwa paundi 300.

Sillitoe aliporudi kwao alioa, akajaribu kusomea uanasheria, kisha akaona kazi anayoiweza ni ile ile ya upolisi. Mwaka 1923 alipata ukuu wa polisi katika mji mdogo wa Chesterfield. Mwaka 1926 akapelekwa Sheffield, mji wa viwanda vya chuma, ambako magenge ya wahuni yalikuwa yakiwanyang'anya watu fedha mchana kweupe. Aliteua askari wenye miili mikubwa wasiovaa sare, akawaachilia wakapambane na wahuni kwa njia wanazozielewa wahuni. Magenge yalivunjika. Mwaka 1931 akaitwa Glasgow, ambako magenge yalikuwa makubwa zaidi na wembe ndio ulikuwa silaha yao. Huko alikaa miaka 12. Aliweka redio katika magari ya polisi, akaitengeneza upya idara nzima, na akawavalisha askari wake kofia zenye utepe wa miraba myeusi na myeupe ili watu wawatambue kwa mbali. Utepe ule umeenea mpaka Australia, na mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mwaka 1942 alipewa heshima ya Sir, na mwaka uliofuata akawa mkuu wa polisi wa Kent.

Ni ajabu kwamba mtu aliyeng'ang'ania askari waonekane kwa mbali ndiye aliyechaguliwa kuongoza watu ambao kazi yao ni kutoonekana.

Sababu yake ilikuwa ya siasa. Katika uchaguzi wa mwaka 1945 Churchill aliwatisha wapiga kura kwamba chama cha wafanyakazi kikishika Serikali kitahitaji polisi ya siri kama ile ya Hitler. Wafanyakazi wa Uingereza hawakutishika. Wakampa Attlee ushindi mkubwa. Lakini maneno yale yalimkaa Attlee moyoni, tena chama chake chenyewe kilikuwa na kumbukumbu chungu, kwa maana makachero hao hao walikuwa wamewafuatafuata viongozi wa vyama vya wafanyakazi kwa miaka mingi. Kwa hiyo nafasi ya ukuu wa idara ya usalama, ile iitwayo MI5, ilipokuwa wazi, Attlee hakutaka kumpandisha mtu wa ndani, ingawa mmoja wao, Guy Liddell, alikuwa akiingojea. Alitaka polisi wa kawaida aliyezoea kusimama kizimbani na kuapa. Sillitoe alishika kazi hiyo mwaka 1946.

Wenyeji wa idara ile walimpokea vibaya. Walikuwa watu wa vyuo vikuu, naye hakuwa na chuo. Husimuliwa kwamba wakubwa chini yake walikuwa wakizungumza Kilatini mbele yake ili asielewe, nao wakicheka. Twaweza kuicheka hadithi hiyo, lakini ina jambo zito ndani yake. Serikali iliyochaguliwa na watu ilimweka mtu wake juu ya idara ya siri, na idara ikamzuia asiione. Mkuu anayefichwa mambo na walio chini yake atayajibuje akiulizwa na Bunge? Hata hivyo Bunge lenyewe halikuwa na ruhusa ya kuuliza, kwa kuwa kwa sheria idara ile haikuwepo.

Neno hili yataka lieleweke vizuri. Idara hiyo ilianzishwa mwaka 1909, na kwa miaka 80 haikuwa na sheria yoyote ya Bunge iliyoiunda. Maofisa wake hawakuwa na uwezo wa kukamata mtu wala kupekua nyumba. Walipotaka kufungua barua za mtu au kusikiliza simu yake, walipeleka maombi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani naye akatia sahihi. Lakini kuingia nyumbani, kufungua kufuli usiku, kupiga picha karatasi na kuweka kinasa sauti ukutani, hilo halikuwa na hati ya mtu yeyote, kwa sababu hapakuwa na sheria ambayo chini yake hati ingetolewa. Hukumu ya Lord Camden ilikuwa hai. Mbele ya sheria mpelelezi aliyeingia chumbani mwa mtu kwa ufunguo wa bandia alikuwa sawasawa na mwizi, isipokuwa mwizi huchukua sahani na yeye huchukua majina. Makao makuu ya Chama cha Kikomunisti, katika barabara ya King Street mjini London, yalitegwa vinasa sauti toka wakati wa Vita Kuu ya Pili, na Sillitoe alivikuta vikiendelea kufanya kazi.

Chini yake idara ilitazama pia makoloni. Ilikuwa na maofisa wa kuunganisha habari katika miji mikuu ya himaya, na vijana wa Afrika waliokuwa London wakisoma na kufanya siasa walifunguliwa majalada. Kwame Nkrumah ni mmoja wao. Serikali ya Kenya ilipotangaza hali ya hatari mwezi Oktoba 1952, Sillitoe mwenyewe aliruka mpaka Nairobi mwezi uliofuata kuishauri namna ya kuipanga upya polisi ya upelelezi. Yaliyofuata Kenya yajulikana: mwezi Aprili 1954 mji mzima wa Nairobi ulizingirwa, ukapekuliwa nyumba kwa nyumba, na maelfu wakapelekwa kambini.

Kwetu sisi mambo hayakufika huko, lakini wazee wa Shinyanga, Mwanza na Geita wanaijua ladha yake. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na mwaka huohuo Serikali ikakataa matawi yake katika Usukuma; marufuku hiyo ilidumu mpaka mwaka 1958. Mwaka ambao marufuku iliondolewa ndio mwaka ambao watu wa Geita walitembea kwa miguu mpaka Mwanza kulipinga baraza la mchanganyiko wa rangi walilotwishwa. Katika miaka ile kadi ya chama ilikuwa kitu cha kufichwa ndani ya nyumba, na askari akiingia alijua anatafuta nini.

Kazi ya Sillitoe haikuwa na mwisho mzuri. Mwanzoni mwa mwaka 1950 alikamatwa Klaus Fuchs, mtaalamu wa mabomu ya atomu, aliyekuwa akiwapa Warusi siri. Idara ilikuwa imemwona mara kadhaa zamani na kumpitisha. Mwezi Mei 1951 maofisa wawili wa wizara ya mambo ya nje, Burgess na Maclean, walitoroka wakaenda Urusi, wakati Maclean alikuwa tayari anafuatwa. Sillitoe akalazimika kusafiri mpaka Washington kumweleza Hoover, mkuu wa FBI. Idara iliyosikiliza kuta za wafanyakazi maskini wa King Street haikuwaona watoto wa mabwana waliokaa ofisini mwa Serikali yenyewe. Na ndivyo ilivyo mahali pengi: jicho la siri hutazama zaidi wale wasiopendwa na wakubwa kuliko wale walio hatari.

Mwezi Septemba 1952 Waziri wa Mambo ya Ndani, David Maxwell Fyfe, alimwandikia Sillitoe waraka mfupi. Uliiweka idara chini ya Waziri huyo badala ya Waziri Mkuu, ukaitaka ifanye yale tu yaliyo ya lazima kwa ulinzi wa nchi, na ukaikataza kuegemea chama chochote cha siasa. Yalikuwa maneno mazuri. Lakini ulikuwa waraka, haukuwa sheria. Raia hakuujua, wala mahakama haikuweza kuusimamia. Sillitoe aliupokea, akaendesha kazi kwa mwaka mmoja zaidi, akastaafu mwaka 1953. Miaka miwili baadaye, yaani 1955, watu wa idara ile ile iliyokatazwa kuegemea chama waliingia kwa siri katika nyumba moja ya Mayfair mjini London ambamo mafaili ya wanachama wa Chama cha Kikomunisti yalikuwa yamehifadhiwa. Waliyatoa, wakayapiga picha, wakayarudisha mahali pake, na mwenye nyumba akarudi asione kitu. Mtu anaweza kuwachukia Wakomunisti apendavyo. Chama kile kilikuwa halali kwa sheria ya Uingereza, na waliokuwamo katika mafaili yale wengi wao walikuwa watu wa viwandani waliolipa ada zao kila mwezi.

Baada ya kustaafu Sillitoe alifungua duka la peremende huko Eastbourne, pwani ya kusini. Picha ya mkuu wa zamani wa makachero akipima peremende za watoto iliwafurahisha sana waandishi wa magazeti. Haikudumu. Mwaka 1954 shirika la De Beers, lililokuwa likishika biashara ya almasi ya dunia, lilimwita aunde kikosi cha kuzuia magendo ya almasi katika Afrika. Alichukua baadhi ya maofisa waliowahi kuwa wapelelezi wa Serikali, akatembelea machimbo, akatia watu wake katikati ya wanunuzi wa magendo. Ian Fleming, mtunzi wa hadithi za James Bond, aliandika kitabu juu ya kikosi hicho mwaka 1957, mwaka ambao kikosi kilivunjwa.

Mwadui wakati huo ilikuwa bado ya Dakta John Williamson, Mkanada aliyeigundua mwaka 1940, na ambaye aliwahi kugombana na shirika hilo juu ya kiasi cha almasi atakachoruhusiwa kuuza. Alikufa Januari 1958, na mwaka huo mgodi ukawa mali ya De Beers na Serikali nusu kwa nusu. Lakini mawazo ya kikosi cha Sillitoe yalikuwa ndiyo mawazo ya kila mgodi wa almasi: uzio, ulinzi, upekuzi wa mtu atokapo kazini, na kumdhania kila mfanyakazi kuwa mwizi mpaka aonekane hana kitu. Tena hapa tofauti moja yapasa kutazamwa. Idara aliyoiacha London ilikuwa na waraka wa Waziri angalau. Kikosi cha shirika hakikuwa hata na huo. Upelelezi ulikuwa umeuzwa dukani kama peremende.

Je, magendo yalikoma? Katika Sierra Leone, ambako yalikuwa makubwa kuliko kote, jambo lililobadilisha hali lilitoka kwingine. Mwaka 1956 Serikali ilianza kuwapa leseni wachimbaji wadogo, na wanunuzi wa halali wakafungua milango wakitoa bei ya kuridhisha. Mtu aliyekuwa akipita porini usiku na jiwe lake akaona ni afadhali alipeleke mchana. Wachimbaji wa Geita hawahitaji kuelezwa hili zaidi. Dhahabu yao ilivuka mipaka kwa miaka mingi, na polisi walikuwepo muda wote huo. Mwezi Februari 1999, au hata 2009, ungelimwuliza mchimbaji kwa nini hauzi kwa halali, angelikuhesabia kodi. Mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na tarehe 17 Machi mwaka huo soko la dhahabu likafunguliwa mjini Geita.

Na kule Mwadui, mambo ya uzio yalizaa machungu yake katika siku zetu hizi. Wabeshi, yaani wale waingiao katika eneo la mgodi kutafuta almasi bila ruhusa, walidai kwamba walinzi wa mgodi waliwapiga, wakawajeruhi, na wengine wakafa. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa na sehemu kubwa ya mgodi, ilitangaza mapatano ya paundi milioni 4.3 na watu waliofungua madai huko London, bila kukiri kwamba ina hatia kisheria. Wabeshi walikuwa wamevunja sheria, hilo halina ubishi. Lakini mwenye kuvunja sheria ana hakimu wake, na mlinzi wa getini si hakimu.

Sillitoe alikufa tarehe 5 Aprili, 1962, Tanganyika ikiwa na miezi minne tu ya Uhuru. Hakuona jinsi kazi yake ilivyokuja kuhukumiwa. Mwaka 1963 Jaji Lord Denning, katika ripoti yake juu ya kashfa ya Waziri Profumo, alieleza hadharani kwamba maofisa wa idara ile mbele ya sheria ni raia wa kawaida, wasio na uwezo wowote wa kukamata wala kupekua. Katika Marekani makachero wa FBI walikuwa wakiingia majumba ya watu kwa siri kwa miaka mingi mpaka Hoover alipoizuia kazi hiyo mwaka 1966, na Baraza la Senate likaifunua yote katika uchunguzi wa mwaka 1975 na 1976. Katika Canada, polisi ya upelelezi ilivunja ofisi ya shirika dogo la habari huko Quebec mwezi Oktoba 1972. Tume ikaundwa, kazi ya usalama ikaondolewa mikononi mwa polisi, na sheria mpya ikatungwa mwaka 1984. Uingereza yenyewe ilitunga sheria yake mwaka 1989, miaka 27 baada ya Sillitoe kuzikwa. Toka hapo kuingia nyumba ya mtu kwa siri kulihitaji hati ya Waziri, na kukawa na baraza la kupokea malalamiko.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukimlaumu Mwingereza. Lakini mkoa wa Shinyanga una kumbukumbu ambayo si ya Mwingereza. Mwaka 1976, katika kuwasaka waliodhaniwa kuhusika na mauaji yaliyoenea Usukumani, maofisa wa polisi na wa usalama walikamata watu katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wakawatesa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa Serikali. Hao walikuwa watoto wa nchi hii, waliapa kwa bendera yetu. Mwezi Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu ingawa hakuwa ameshika fimbo wala kuiamuru. Waziri wa Nchi Peter Siyovelwa na wakuu wa mikoa hiyo miwili wakajiuzulu pia, na Rais Nyerere akakubali. Baadhi ya maofisa walishitakiwa na kufungwa. Heshima ya mwaka ule ni ya kweli, nasi twaitaja kwa fahari. Hata hivyo kujiuzulu kwa Waziri hutokea baada ya mtu kwisha kufa.

Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na Ibara ya 16 yalinda nafsi ya mtu, maisha ya familia yake, maskani yake na mawasiliano yake, ikiitaka Serikali iweke utaratibu wa sheria juu ya lini na kwa kiasi gani haki hiyo yaweza kuingiliwa. Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ilitungwa mwaka 1996. Ilipotungwa iliikataza Idara kumfuatilia mtu kwa sababu tu anapinga au anatoa maoni tofauti kwa njia halali. Bunge liliirekebisha sheria hiyo mwaka 2023, na mwanachama anayejua kusoma anafanya vema kuziweka karatasi hizo mbili pamoja na kuzisoma mwenyewe.

Kwa polisi utaratibu ni wa wazi. Upekuzi wahitaji hati. Hati hutekelezwa kati ya macheo na machweo isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Kilichochukuliwa huandikiwa stakabadhi, na mwenye nyumba na mashahidi hutia sahihi. Mwezi Novemba 2001 polisi walipopekua ofisi ya wanasheria wa mazingira mjini Dar es Salaam, wakitafuta kanda za video zihusuzo mgodi wa Bulyanhulu katika wilaya ya Kahama, nchi nzima ilijua, magazeti yaliandika, waliopekuliwa walisema yao na Serikali ikasema yake. Mtu aliweza kupinga. Lakini nyumba iliyofunguliwa kwa ufunguo wa bandia, karatasi zikapigwa picha na kurudishwa kama zilivyokuwa, haina stakabadhi, haina shahidi, na mwenye nyumba hulala humo usiku huohuo asijue kwamba ana la kulalamikia.